Kekee ya Bibi ndani ya mwendokasi

Bawaba ilikatika pale kituo cha Fire. Nakikumbuka kituo kwa sababu mlango wa mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, ndiyo kwanza ulikuwa unafunguka, wa nyuma wanasukuma, wa mbele hawajasogea, na mkono wangu wa kulia umenasa kwenye kamba ya mkoba wa dada mmoja. Kilichonasa hasa ni kekee. Nilivuta kidogo tu, kama unavyovuta ushungi uliokamatwa na kitasa. Nikasikia "tik", mkono ukawa mwepesi. Dada yule ndiye aliyeinama kuokota vipande chini ya miguu ya watu. Akanikabidhi na kusema, "Pole dada yangu, hii ya zamani, eeh?" Sikuweza kumjibu. Nilishuka, nikasimama pembeni ya kituo na vipande viwili vya fedha mkononi, machozi yananitoka mbele za watu.

Kwa asiyeijua, kekee ni bangili pana ya fedha, bapa, ya kufunga na kufungua. Hii yangu ni nusu mbili zilizoshikana kwa bawaba upande mmoja, na upande wa pili kuna pini inayopita kwenye matundu na kuzifunga. Pini ina kijimkufu chake ili isipotee. Juu yake pamechorwa maua madogo ambayo kwa kuvaliwa yamelainika hata ukipapasa kwa kidole huyahisi vizuri kuliko unavyoyaona. Ilikuwa ya Bibi mzaa mama, wa Malindi, Unguja, na kabla yake ilikuwa ya mama yake. Bibi alipofariki ilimwangukia mama katika mirathi pamoja na kidani cha marijani na kipini cha pua cha dhahabu, naye mama akanipa mimi vyote vitatu siku nilipohamia Dar es Salaam kikazi. Alivifunga kwenye kitambaa, akavitia kwenye mkebe wa biskuti.

Miaka saba vilikaa kabatini. Nilidhani ndiko kuvitunza. Kekee niliizungushia mpira ule wa kufungia noti ili isifunguke, na siku nilipokuja kuitazama, palipokaa mpira pamechora mstari mweusi tii, kama mtu aliyeungua kwa kamba. Nilikuja kujua baadaye kwamba mpira una salfa ndani yake, na salfa ndiyo inayoigeuza fedha kuwa nyeusi. Weusi ule si uchafu uliotoka nje ukakaa juu, ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Kila unapousugua ukatoka, umetoka na fedha. Kwa hiyo ndani ya mkebe, bila kuguswa na mtu, kekee ilikuwa inaliwa, na aliyeipelekea mlaji ni mimi.

Kilichonifanya niitoe ni swali la mama. Ilikuwa Ramadhani, tunapiga hesabu ya zaka kwa simu, akaniuliza, "Vile vya Bibi yako unavivaa, au umeviweka?" Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, pambo halali ambalo mwanamke analivaa halitolewi zaka. Likigeuka kuwa akiba ya kufungiwa tu, linaingia kwenye hesabu kama mali nyingine. Mama hakuwa ananitisha, alitaka kujua tu. Lakini swali lilinikaa kifuani. Pambo au hazina? Nikajibu ndani ya nafsi yangu kwamba Bibi alizivaa mali hizi kila siku ya Mungu, nami nitazivaa kila siku. Wiki iliyofuata nikaanza. Mwezi wa pili, kituo cha Fire.

Sasa, kosa la kuvunja naliona dogo kuliko kosa la kutengenezesha. Jirani na kazini kuna kibanda cha fundi wa saa na mikufu. Nilimpelekea siku ileile kwa sababu sikuweza kulala nayo ikiwa vipande viwili. Alichukua pasi yake ya kulehemu, akadondosha risasi kwenye bawaba, akapuliza, akanirudishia. Dakika kumi. Iliacha donge la kijivu mfano wa tope lililoganda, na bawaba ikawa ngumu, lakini niliona nusu zote mbili zimeshikana nikashukuru. Baada ya wiki tatu donge likaachia.

Nilipokwenda Unguja nikaanza kutafuta sonara. Maduka mawili ya kwanza walitazama kekee, wakatazama mizani. "Dada, hii ya nini? Tuipime, tuyeyushe, uongeze kidogo, uchukue seti ya kisasa." Siwalaumu, maana biashara ya usonara tangu hapo inakwenda hivyo. Hata Oman, ambako ufundi mwingi wa fedha wa kwetu una ndugu zake wa karibu, fedha ya marehemu mara nyingi iliyeyushwa ili bibi harusi mwingine afuliwe yake mpya. Ndiyo maana vipande vya kale kweli ni vichache kuliko tunavyodhani. Na huenda kekee ya Bibi nayo ilizaliwa hivyohivyo, kwa sababu masonara wa Oman na wa pwani walikuwa wakiyeyusha riale za fedha kupata malighafi.

Riale hiyo ninayo pia, inaning'inia katikati ya kidani. Ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka 1780. Nyumbani tulikua tukiambiwa sarafu hiyo imepigwa mwaka 1780, na sisi watoto tuliigusa kwa adabu. Ukweli wake umenifurahisha zaidi. Malkia alifariki mwaka huo wa 1780, na wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Ghuba walikuwa wameizoea sura ile kiasi kwamba hawakutaka nyingine, basi ikaendelea kupigwa miaka na miaka kwa tarehe ileile. Katika miaka ya 1930 na 1940 ilipigwa hata London, Roma, Paris na Bombay. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa haikwambii umri wa sarafu. Uzito ndio haukubadilika, gramu 28 na kitu, sehemu 833 katika 1,000 zikiwa fedha na zilizobaki shaba. Ndiyo iliyoaminika kwenye mizani, na ndiyo inayonitesa mimi shingoni. Gramu 28 zikining'inia kwenye kijipete chembamba zinakisugua kila unapopiga hatua. Kikulacho ki nguoni mwako. Kijipete cha riale yangu kilikuwa kimeliwa na pete ya mkufu wake mwenyewe, kimebaki wembamba wa uzi wa kushonea, na hakuna aliyeona kwa sababu sehemu iliyoliwa ni ya ndani, ya juu, ambayo uzito unaifunika.

Aliyeiona ni sonara wa tatu. Mzee, duka lake dogo, vitu vya kuuza vichache, meza imejaa vitu vya watu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika bila kuinua uso, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza kekee mara moja.

"Nani katia risasi hapa?"

Nikamwambia ni fundi wa huko Dar.

"Risasi na fedha hawakai nyumba moja, mwanangu."

Akanieleza taratibu, nami nimeielewa zaidi kila nilipoitafakari. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961. Lehemu ya sonara, ambayo ni fedha iliyochanganywa na shaba na zinki, huyeyuka chini ya hapo, lakini si chini sana, hivyo ili ishike ni lazima kipande chote kipashwe moto mpaka kianze kuiva wekundu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na ikichanganywa na bati haifiki hata 200. Ukipasha fedha yenye risasi juu yake, kabla lehemu haijaamka risasi imeshazama ndani ya fedha, inaila, inaacha vishimo kama vya mchwa. Sonara akipokea kitu chenye risasi hana budi kuikwangua yote kwanza, hata iliyoingia kwenye michoro. Mzee alikwangua siku mbili. Maua mawili karibu na bawaba yalikwenda na risasi. Aliniita nione kabla hajaendelea, akasema, "Haya siwezi kukurudishia. Nikiyachora upya yatakuwa yangu, si ya fundi wa kwanza." Nikamwambia ayaache.

Nilimpenda kwa neno lile. Alitia pini mpya kwenye bawaba, na akaifanya laini kidogo kuliko kekee yenyewe, kwa makusudi. Ikinasa tena, alisema, ikatike pini, isikatike bangili. Na kwenye kufunga kwa mbele akabadilisha kijimkufu. Kabla ya yote hayo alikuwa ameipima mbele yangu na kuandika uzito kwenye karatasi, na alipomaliza akaipima tena mbele yangu. Sikumwomba. Nimejifunza tangu siku ile kwamba kazi ya pambo la kale huanzia kwenye mizani na picha, na sonara anayekasirika ukimpiga picha kitu chako hafai kukaa nacho usiku mmoja.

Siku hiyohiyo nikamtolea na kidani. Hapo ndipo nilipoona aibu.

Kabla ya safari nilikuwa nimekisafisha ili kisionekane kimetelekezwa. Nakumbuka vizuri, tangu utotoni, Bibi akisugua kekee kwa ukwaju, akiisuuza, akiifuta kwa khanga kuukuu, ikimeremeta. Ukwaju sikuwa nao, nikatumia ndimu na majivu kidogo, nikakitosa kidani kizima kwenye bakuli kama nusu saa. Fedha ikatakata. Marijani zikatoka zimepauka, zimekuwa na ngozi ya ukungu, na moja iliyokuwa karibu na kipande cha ndimu imekuwa kama chaki. Marijani hujengwa na kiumbe cha baharini kwa madini yaleyale yaliyomo kwenye chokaa. Tone ndimu kwenye mawe ya kuta za Mji Mkongwe uone yatakavyotoa povu. Ndivyo nilivyozifanyia marijani za Bibi, nusu saa nzima, na huku nimekaa pembeni nafurahi.

Nilimpigia mama nikilia. Akasikiliza, akasema, "Lakini Bibi yako hajakiosha kidani kwa ukwaju hata siku moja. Ukwaju wa kekee. Kidani alikifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, basi." Nami nilikuwa mtoto, niliona ukwaju na khanga na mng'ao, sikuona kitu ambacho hakufanya. Nani huona kitu kisichofanywa?

Mama akaendelea, na alichosema baada ya hapo ndicho kilichonipindua. Nilimwambia kwamba nilitaka kuvaa kama Bibi alivyovaa, kila siku. Akacheka kwa huruma. "Kila siku, mwanangu, lakini si siku nzima. Asubuhi Bibi yako alikuwa na mbuzi ya nazi, na kinu, na nguo za kufua. Kekee alivaa alasiri, baada ya kuoga na kusali, ameshajifukiza udi, anakaa barazani. Magharibi akiivua kutawadha anaitia kwenye kisahani cha shaba pale juu ya kasha." Kisahani kile nakikumbuka! Kipo mpaka leo, tunawekea funguo.

Nilifikiri juu ya hilo usiku kucha. Mapambo haya hayakuwa na udhaifu ninaousema mimi. Yalikuwa na saa zake. Nyumba nzima ilikuwa imepangwa hivi kwamba wakati wa kazi ngumu yako kwenye kisahani, na wakati wa mkono kutulia yako mkononi. Marashi kwanza, udi kwanza, nguo kwanza, pambo la mwisho. Mimi nilirithi kekee bila alasiri yake. Niliitia kwenye mwendokasi saa moja asubuhi, mkono juu umeshika bomba, kisha kwenye kompyuta inayokwaruza meza, kisha kwenye sabuni, kisha kwenye vitakasa mikono, na nikashangaa ilipokatika.

Basi nikaanza kuitafutia alasiri yangu. Kwenye basi haipandi tena mkononi. Inasafiri kwenye mkebe mdogo wenye kifuniko, imezungushiwa kipande cha khanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi na ambayo haikuguswa na jiki, kwa sababu jiki nayo huipiga fedha weusi. Nikifika ofisini, nikishanawa na kukausha mikono, naivaa. Mkono wa kushoto, si wa kulia, kwa kuwa wa kulia unashika panya wa kompyuta. Adhuhuri naivua kutawadha. Maji lazima yafike kwenye ngozi, na yakibaki chini ya fedha pana namna ile yanakauka na kuacha chumvi na jasho vikae pamoja. Na haiwekwi kando ya sinki hata kwa dakika moja. Inarudi kwenye mkebe, mkebe kwenye mkoba, zipu inafungwa, ndipo naufungua mfereji. Wenzangu wamezoea. Jioni naifuta, mkebe, basi, nyumbani. Ni saa sita au saba hivi kwa siku, na ni zaidi ya alizovaa Bibi.

Kipini ndicho kilichonisumbua kidogo kabisa. Ni dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 katika 24, na dhahabu ya kiwango hicho haichafuki kwa urahisi, ila ni laini, na parafujo yake ya ndani imelika meno. Sonara aliniambia niikaze kila Ijumaa, na nisioge baharini nacho. Nakivaa muda wote, hata kulala. Hicho Bibi naye alikivaa siku nzima, mama amethibitisha.

Kidani ndicho kinachotaka moyo. Mzee alipokikata uzi mbele yangu, uzi ukapukutika mikononi mwake. Pamba ya zamani, imelowa jasho, imeoza. Nilikuwa nimekivaa harusini wiki mbili kabla, marijani thelathini na kitu, riale na shanga tatu kubwa za njano, vyote vimeshikwa na vumbi. Alinitahadharisha na mshipi wa nailoni ambao mafundi wengi wanaupenda kwa nguvu zake. Ni mgumu, unasaga matundu ya marijani kwa ndani, na ukikatika unaachia shanga zote kwa mpigo. Akanitungia kwa hariri, na kati ya marijani na marijani akapiga fundo. Fundo linazuia shanga zisisagane, na uzi ukikatika unapoteza moja tu. Kila baada ya miaka miwili mitatu, akasema, kitungwe upya hata kama uzi unaonekana mzima. Kijipete cha riale akakijaza kwa lehemu ya fedha kabla ya kutunga.

Halafu akashika zile shanga za njano. Nyumbani siku zote tumeziita kaharabu. Alichovya ncha ya kijiti cha kiberiti kwenye spiriti, akagusa pembeni ya tundu, mahali pasipoonekana, akasubiri, akagusa kwa kucha. Panata.

"Si kaharabu hii. Sandarusi."

Aliniangalia kama anayetoa habari ya msiba. Mimi nilifurahi mno. Kaharabu ingekuwa imetoka mbali, pwani ya Baltiki huko kaskazini mwa Ulaya. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kwetu uliolala ardhini. Katika karne ya 19 ulichimbwa huku Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, ukapitia Unguja na kusafirishwa kwa majahazi na meli hadi Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Kumbe kidani cha Bibi kina malkia wa Austria na gundi ya msitu wa Bagamoyo au jirani zake, vimetungwa uzi mmoja. Ila ule unato ulinishtua kwa jambo jingine. Spiriti iliyomo kwenye manukato ndiyo hiyohiyo, na mwaka 2020 wote nilikuwa nikijipulizia shingoni na kupaka vitakasa mikono kisha kushika nguo zangu. Bahati kidani kilikuwa kabatini mwaka huo. Sasa marashi ya kupuliza nimeacha kabisa siku za kidani. Najifukiza udi, nasubiri moshi uishe, navaa.

Marijani zilizopauka sonara alizipaka mafuta kidogo sana, akazisugua kwa ngozi laini, nyingi zikarudisha uhai. Ile iliyokuwa kama chaki haikurudi. Aliniuliza kama nataka aitoe, anayo moja ya zamani inayolingana. Nilikataa. Akaitunga mahali pake, fundo huku na fundo huku.

Ni ya tatu kutoka kwenye riale, upande wa kushoto. Binti yangu akipanda mapajani siku nimevaa, anaitafuta hiyo kwanza kwa kidole, anaigusa, kisha ananiuliza, "Hii ndiyo ya ndimu, mama?"